Kijana aliyeniambia "sindano ni sindano"

Nimeyaandika haya mara mbili nikayafuta, kwa sababu kila nikifika kwenye maneno ya yule kijana hasira hunipanda upya. Leo nayamaliza.

Mimi ni mtu wa sukari. Ninajidunga insulini mwenyewe nyumbani, Majengo hapa Mombasa, asubuhi na jioni, huu mwaka wa nne. Dawa yangu ni ile iliyochanganywa, yenye weupe kama maji yaliyooshea mchele, na hutakiwa kuingia mwilini kama nusu saa kabla ya kula.

Jioni yenyewe ilikuwa wakati wa kaskazi, wiki chache kabla ya Ramadhani. Wali nimeshauepua, mchuzi wa samaki unatokota, nafungua droo nitoe bomba la sindano nakuta pakiti tupu. Nikatupia buibui nikateremka hadi duka la dawa ninalonunua siku zote.

Kijana aliyekuwa kaunta sikuwahi kumwona. Nikamwambia masalkheri, akaitikia kwa nusu mdomo, simu iko sikioni. Nikamweleza nataka mabomba ya insulini, yale ya mililita moja yenye mistari ya yuniti. Akainama, akapekuapekua, akaniwekea bomba la mililita mbili, sindano yake ya kitako cha buluu.

"Kijana wangu, hili silo."

"Yale yameisha. Chukua hilo, mama, sindano ni sindano."

"Yuniti kumi na nne nitazipima vipi humu?"

"Kadiria tu. Mbona wenzako huchukua na hawana maneno?"

Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Mimi nikasimama pale na umri wangu wote, nachekwa kwa kuulizia kipimo cha dawa.

Insulini haikadiriwi. Chupa yangu ina yuniti 100 katika kila mililita. Bomba la insulini limechorwa kwa yuniti zenyewe, langu kila kimstari ni yuniti 2, navuta hadi 14 na hakuna ubishi. Kwenye lile la mililita mbili, kimstari kimoja ni sehemu ya kumi ya mililita, yaani yuniti 10. Dozi yangu inaangukia mahali patupu, baina ya kimstari cha kwanza na cha pili. Macho ya jioni, taa ya jikoni, nikikosea kimstari kimoja tu nimeshajipa 24 badala ya 14. Na kwangu 24 ni sukari kushuka mno: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, na pengine kupoteza fahamu usiku nikiwa peke yangu chumbani.

Halafu urefu wa sindano. Ninayotumia ni ya milimita 8. Ile ya buluu ni kama sentimita mbili na nusu. Insulini hukaa kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, hapo ndipo mwili huinywa kidogo kidogo. Ukizamisha sindano ndefu namna ile unafika kwenye msuli, na huko dawa huingia kwenye damu haraka, sukari ikashuka hata hujatia tonge mdomoni. Mtu aliyekabidhiwa kaunta ya dawa asiyajue haya? Au anayajua na hajali? Sijui lipi baya zaidi.

Mimi nilifundishwa na sista mmoja wa kliniki ya sukari, mama mtu mzima, mpole, hana haraka. Natamani wauza dawa wote wa mji huu wakae mbele yake asubuhi moja. Alinionyesha kunawa kwa sabuni, kuiviringisha chupa baina ya viganja mara kumi bila kuitikisa, kushika mkunjo wa ngozi kwa vidole viwili, kusukuma dawa polepole, kuhesabu hadi kumi ndipo nichomoe, nisisugue. Siku moja alinilaza akanipapasa tumbo, kidole kikasimama upande wa kushoto. "Hapa umepazoea," akasema. Kweli, palikuwa na kinundu, laini kama donge la unga wa mahamri, kwa sababu nilikuwa nikidunga palepale, hapakuwa pakiniuma tena. Akanieleza kwamba kwenye kinundu dawa hainywewi sawasawa, leo inachelewa, kesho inaingia yote kwa pamoja. Tangu hapo nazunguka tumbo kama mshale wa saa, kila siku mahali pake, mbali na kitovu, na asubuhi nyingine nahamia pajani. Yule mama alinishughulikia kwa nusu saa nzima kwa ajili ya kinundu. Huyu kijana hakuweza hata kutoa simu sikioni.

Sasa niwe mkweli kuhusu duka lenyewe, maana nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota moja. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na hapo sijawahi kuwakuta na kosa. Friji yao ina kipimajoto, stima ikikatika jenereta inawaka, na ukinunua chupa wanakufungia na barafu iliyozungushiwa karatasi isigusane na dawa, kwa sababu insulini ikiganda haifai tena. Kwa joto la Mombasa hilo si jambo dogo, nimeshauziwa kwingine chupa iliyokuwa imepangwa rafuni pamoja na dawa za kikohozi. Mwenye duka nilimpigia kesho yake, akaniomba radhi kwa heshima, akasema kijana ni wa muda tu. Basi nikasema nyota tatu.

Lakini hapana. Huyo wa muda ndiye aliyesimama kaunta jioni ile, na chupa baridi inanifaa nini nikiuziwa bomba la kuniua? Na kuna jambo sijalisema bado, ndilo linalonikosesha usingizi.

Nilipogeuka niondoke, mzee mmoja mwenye kofia na bakora akanigusa mkono. Yeye hakuwa amecheka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwani yako tofauti? Mimi hupewa hayo hayo."

Nikamshika mkono tukakaa kwenye baraza la nje. Akafungua mfuko wake, ndani mna chupa ya insulini na mabomba mawili ya mililita mbili. Nikamuuliza huvuta kiasi gani. Akasema daktari alimwandikia kumi na sita jioni, naye huvuta "kama hapa hivi", akanionyesha kwa kidole. Kidole chake peke yake kilifunika vimistari viwili. Nikamuuliza usiku analala vipi. Akasema siku nyingine huamka shuka limelowa chapachapa, mwili hauna nguvu, anakunywa chai ya sukari inapita. Alidhani ni joto la kaskazi.

Joto la kaskazi! Nani alimuuzia yale mabomba, mara ngapi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anayatumia kwa dawa gani, na chupa ya insulini ananunua kwenye kaunta ileile? Nyota zote naziondoa. Mwenye duka akitaka nimsifu tena, aanze kwa kuhakikisha bomba la insulini likiisha mteja anaambiwa limeisha, na anaelekezwa duka la pili. Kusema hivyo hakumgharimu hata senti.

Tulipanda tuktuk mimi na yule mzee hadi Mwembe Tayari. Duka la tatu ndilo lililokuwa nayo, mabomba ya mililita moja, kimstari kwa kimstari. Nikanunua ya kwangu, yeye akanunua kumi. Nikamwambia kesho aende kliniki awaeleze yale majasho ya usiku, na kipima sukari akiweke karibu na kitanda. Akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye bomba. Alilisogeza chini ya taa ya duka, akalizungusha, akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye kimstari cha yuniti 16.

"Ni hapa?"

Nikamwambia, "Ni hapo, mzee wangu. Hapo hapo."