Mashua ya mkono wa pili Kilwa, wenyewe tunaishi Uyole: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Tulinunua mashua Septemba 2022. Ina futi 22, mlingoti mmoja, tanga moja, haina chumba wala choo. Tuliilipia shilingi 3,800,000 pamoja na nanga na kamba zake. Mimi nauza pembejeo hapa Uyole, Mbeya, mume wangu anafundisha sekondari, na kutoka mlangoni kwetu hadi pale mashua inapolala, Kilwa, pwani ya kusini, ni zaidi ya kilomita 1,000. Watu wakifika hapo huanza kucheka. Huwa nawaacha wamalize.

Kabla ya hapo tulikodi kwa miaka sita, kila mwaka siku chache, sisi wawili tu, watoto wanabaki kwa bibi yao Tukuyu. Kukodi kuna raha yake. Unafika, unapanda, unapewa pweza wa nazi, unarudi. Ila unabebwa kama gunia la viazi. Nahodha ndiye anayeshika usukani, kijana wake ndiye anayeshika kamba, na ukiuliza upepo unatoka wapi unajibiwa kwa adabu kama anavyojibiwa mtoto. Mwaka wa sita mume wangu akasema, "Mama, mimi nimechoka kuwa abiria." Tukaanza kutafuta chombo.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la kwanza. Muuzaji alikuwa mpole, alitukaribisha chai na vitumbua, na mashua ilikuwa imepakwa rangi mpya ya bluu mpaka chini kabisa. Hiyo rangi mpya ndiyo ilipaswa kutushtua. Sisi ikatufurahisha. Mwezi wa pili tangu tununue maji yakawa yanajaa ngamani, ndani chini kabisa ya chombo, kila baada ya saa moja, tukawa tunakumba kwa kopo la rangi kwa zamu. Tukamwita fundi. Alikuja maji yamekupwa, mashua imelala ubavu mchangani, akatoa kisu kidogo cha kumenyea matunda na kuanza kugusa mbao moja baada ya nyingine kuanzia mkukuni, ule mti mrefu wa chini kabisa wa chombo. Alipofika ubao wa pili kisu kiliingia mpaka mpini, na wala hakukaza mkono. Alipoubandua, ndani ulikuwa kama sega la nyuki: yule mdudu anayetoboa mbao za vyombo chini ya maji alikuwa ameshakula akashiba, na juu yake pamepakwa rangi. Ubao mpya, pamba ya kalafati, ile ya kuziba nafasi kati ya mbao, na kazi ya siku tatu vilitutoa 420,000. Muuzaji simu yake haikupatikana tena. Kwa hiyo kama nawe unataka kununua, chai kunywa, lakini nenda na fundi wako mwenyewe, chombo kikiwa kikavu, na kisu mfukoni.

Nyumba ya Mbeya ukishaipiga bati unaisahau. Chombo cha mbao hakikupi nafasi hiyo. Kila baada ya miezi mitatu hivi lazima kipandishwe ufukweni wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana na kupwa sana, kisha kichomwe. Ndiyo, kichomwe. Wanawasha makuti makavu na kupitisha moto chini ya tumbo la mashua ili wadudu wafe na majani ya bahari yakauke. Mara ya kwanza nilipoona moto unalamba chini ya milioni zangu tatu na laki nane nilipiga kelele mpaka wavuvi wa pembeni wakageuka. Baada ya hapo hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama. Harufu yake inakaa kwenye vidole siku mbili. Nimerudi nayo Uyole, mteja akaniuliza kama siku hizi nauza na nyama.

Tanga la kwanza lilikuwa la merikani, kitambaa cha pamba, zuri, linashika upepo bila makelele. Ubaya wake ni kwamba halitaki kukunjwa bichi, na sisi siku ya kuondoka tulikuwa na haraka ya basi. Tulilikunja lina maji. Tulivyorudi Juni 2023 lilikuwa na madoadoa meusi ya ukungu, na kusi, ule upepo mkali wa kusini, siku ya pili likalipasua kutoka pembeni hadi katikati. Tulishauriwa tununue turubai, ni rahisi na halipotezi nguvu kwa maji. Tulilijaribu kwa siku moja tu. Lina kelele, gumu mkononi, na upepo ukipungua linaning'inia bila umbo. Tukarudi kwenye merikani nzito. Sasa halikunjwi kabla halijakauka, hata kama basi litatuacha, na limeshatuacha mara moja.

Kuhusu mashine ya kupachika nyuma sina mengi. Tulinunua iliyotumika, haikuwahi kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kutoka baharini, ikatuzimikia mara nne katika siku tano. Tumeiuza. Tunabeba kasia mbili.

Sasa nieleze tulivyokwama, kwa sababu ndiyo hadithi ambayo mume wangu hapendi niisimulie. Yeye amezaliwa Kyela. Amekua akipiga kasia kwenye mtumbwi pale Matema, na maji hayamtishi. Nilidhani nimeolewa na nahodha. Kumbe Ziwa Nyasa, pamoja na mawimbi yake yote, halikupwi. Unafunga mtumbwi asubuhi, jioni unaukuta palepale na maji palepale.

Tulitoka Kilwa Masoko saa 11 alfajiri, siku mbili baada ya mwezi mpevu, tukiwa na umande nyuma yetu, ule upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu. Kibali cha kuingia kwenye magofu ya mji wa kale wa kisiwa cha Songo Mnara tulikuwa tumekichukua jana yake Masoko. Saa 1 na nusu tukaingia kwenye mkondo wa mikoko karibu na kisiwa hicho. Maji yalikuwa bado mengi, yanateremka polepole. Baba watoto akafunga kamba kwenye mkoko kwa fundo safi, akaiangalia kazi yake, akaridhika. Tukaenda kutembea. Magofu yale, pamoja na ya Kilwa Kisiwani, yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, lakini ukiwa ndani hufikirii orodha. Unafikiria aliyekaa kwenye zile baraza za matumbawe akisubiri vyombo, na alikuwa anasubiri nini. Tulikaa kwa muda wa saa moja na nusu.

Tuliporudi, mkondo haukuwepo. Palikuwa na tope linalong'aa, kaa wadogo wanakimbia, na mashua yetu imelala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba. Kamba ilikuwa bado imefungwa vizuri kabisa. Maji ya karibu yalikuwa mbali hata mtu ukimwita hasikii. Siku za bamvua kama hiyo, huku maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, jambo ambalo tuliwahi kulisoma na kulikubali, kama mtu anavyokubali habari za nchi nyingine.

Tulisubiri kwa muda wa saa tano. Tulikula magimbi ya kuchemsha tuliyobeba toka Tukuyu, tukamaliza maji ya kunywa mapema mno, tukanuniana, tukapatana. Mama mmoja alipita na kijiti cha kuvulia pweza, akasimama, akaitazama mashua, akatutazama sisi.

"Mwatoka wapi?"

"Mbeya, mama."

"Aa," akasema, "ndiyo maana," akaendelea na safari yake.

Toka siku hiyo hatuendi popote bila kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Na nikiri upande wa pili: mume wangu, mtoto wa ziwa, bahari ya nje inamtapisha. Mimi niliyezaliwa Mbalizi, ambaye maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa ya mfereji, sijawahi hata kuhisi kichefuchefu. Hatujui kwa nini.

Jambo ambalo ningetaka kila mtu wa bara alisome kwa makini ni majaketi ya kuokolea. Tulinunua mawili ya bei chee, ya rangi ya chungwa, yanapendeza. Krismasi tulipokwenda Matema nikasema tuyajaribu kwenye maji matulivu. Nilivaa, nikaingia mpaka kifuani, nikalegeza mwili kama mtu aliyezimia. Jaketi likapanda mpaka masikioni na uso wangu ukaangalia chini, kwenye mchanga. Mume wangu akanivuta kabla sijamaliza jaribio. Tulipolikata, ndani mlikuwa na sponji inayonyonya maji, kama ya godoro. Jaketi zuri huandikwa nguvu yake ya kuelea kwa kipimo cha newton: 50 ni kwa anayejua kuogelea na yuko karibu na msaada, 100 kwa maji yaliyojikinga, 150 kwa bahari yenyewe. Tulinunua ya 150, yenye filimbi na mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisipande. Yametugharimu karibu mara saba ya yale ya mwanzo. Jaribu lako ziwani au bwawani, usisubiri siku ya haja.

Na sasa mzee. Mashua yetu inatunzwa na mzee mmoja mvuvi mstaafu, jirani wa pale inapolala. Tunamlipa 90,000 kwa mwezi. Mwanzoni niliona ni pesa nyingi kwa kuangalia kitu kilichofungwa kamba. Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipoanza kutangaza kimbunga Hidaya, nilikuwa dukani napima mbolea. Simu ikaita kabla mimi sijampigia. "Mwanangu, usihangaike, nimeshaipeleka mikokoni." Alikuwa amengoja maji yajae, akaiingiza ndani kabisa ya mkondo pamoja na wajukuu zake, akaulaza mlingoti, akafunga kamba nne, mbili omo, yaani mbele, na mbili tezi, yaani nyuma, akaziacha na ulegevu ili chombo kipande na kushuka na maji. Mvua zile barabara ya Dar kwenda kusini ilikatika maeneo ya Somanga. Sisi Juni tuliamua kuzunguka kwa Songea, Tunduru na Masasi, siku mbili ndani ya basi, tukijiandaa kukuta mbao. Tulikuta mashua nzima, na ndani yake kiota cha kuku. Kuku wa mzee alikuwa ameatamia kwenye kamba za nanga, na tulikatazwa kumsogeza kwa siku tatu zaidi.

Hesabu, kwa sababu najua mnaingoja. Kwa mwaka: mzee 1,080,000, makuti, deheni, kalafati na viraka kama 600,000, safari tatu za watu wawili, nauli na kula, kama 1,200,000. Jumla 2,880,000. Tulipokuwa tunakodi kwa 150,000 kwa siku, siku 12 za safari hizo tatu zingekuwa 1,800,000, ukijumlisha safari ni 3,000,000. Tumeokoa laki moja na ishirini kwa mwaka, na hapo sijagusa bei ya mashua yenyewe, ubao uliooza, wala matanga mawili. Anayekwambia kumiliki ni nafuu, mwombe daftari.

Shida nyingine ni kalenda. Mume wangu ni mwalimu, na likizo ndefu ni Juni na Desemba. Juni kusi limekaza, kwa hiyo tunabaki ndani ya ghuba ambako Kisiwani na Songo Mnara vinakinga bahari kubwa. Desemba kaskazi, upepo wa kaskazini, inaingia na joto lake. Wakati mtamu hasa ni Septemba na Oktoba, kusi limepoa, na hapo yeye ana wiki moja tu. Ukiwa na kazi inayokuruhusu kuchagua mwezi, umetuzidi.

Je, ningenunua tena? Mashua, ndiyo. Mwaka jana Oktoba tulikuwa tunarudi Masoko jioni. Yeye alikuwa amelala omo, kofia usoni. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa kwapa, na demani, ile kamba inayovuta pembe ya tanga, nimeizungusha mara moja kwenye mti na kuishika mkononi. Upepo ukiongezeka kamba inakukaza kiganja kabla tanga halijaonyesha chochote. Nikailegeza kidogo, chombo kikanyooka, yeye hata hakuamka. Kwa miaka sita ya kukodi hakuna aliyewahi kunipa kamba ile niishike.

Kama huna mtu wa kukaa na chombo, endelea kukodi. Kama unaye, mlipe kabla ya kununua rangi. Sisi tunashuka tena Septemba, kuna ubao wa upande wa kushoto ambao fundi ameugusa kwa kisu na hakuupenda. Mzee amesema safari hii tulete viazi vya Uyole gunia zima, lile nusu la mara iliyopita lilimletea ugomvi na majirani.