Hija ya Kibeho na wakala: maoni yangu kwa wanaotaka kwenda

Naandika hii kwa sababu kuna watu wananiuliza inbox kuhusu hija ya Kibeho kule Rwanda, kama inafaa na kama wakala tuliyesafiri naye ni wa kumwamini. Nayatenganisha hayo mawili maana hayafanani hata kidogo.

Kibeho yenyewe nendeni. Kama umewahi kujiuliza Mungu bado anawapa Wakristo maono siku hizi au mambo hayo yaliisha na mitume, sijui sehemu nyingine Afrika ambapo utalisikia jibu lake vizuri hivyo. Tarehe 28 Novemba 1981 pale kwenye shule ya sekondari ya wasichana, binti anaitwa Alphonsine Mumureke alikuwa anahudumia wenzake bwaloni mchana, akasikia anaitwa, akatoka akamuona mama aliyejitambulisha kuwa Nyina wa Jambo, yani Mama wa Neno, ndiye Bikira Maria. Wenzake hawakumwamini jamani! Walimcheka, wengine wakamchoma na pini akiwa kwenye maono waone kama atashtuka, wakamsogezea na kiberiti. Na aliyekuwa mstari wa mbele kumpinga, Marie Claire Mukangango, mwezi Machi 1982 na yeye akaanza kuona. Kabla yake Januari alikuwa ameshaanza Nathalie Mukamazimpaka.

Sasa kilichonigusa mimi zaidi ni namna Kanisa lilivyolipokea jambo lenyewe. Askofu Gahamanyi wa Butare hakukimbilia kutangaza muujiza, aliunda tume ya madaktari na tume ya wanateolojia mwaka huohuo wa 1982, wakawa wanawachunguza mabinti, wanawapima, wanayasikiliza maneno yao kama yanapingana na imani. Ibada ya hadhara ikaruhusiwa 1988, na tamko lenyewe kwamba Bikira Maria kweli alitokea lilitolewa na Askofu Misago wa Gikongoro tarehe 29 Juni 2001. Karibu miaka 20! Na waliodai kuona walikuwa wengi, waliokubaliwa ni hao watatu tu. Ukiwa pale kwenye kikanisa cha matokeo ya Bikira Maria, ambacho zamani lilikuwa bweni la wanafunzi, unapiga magoti ukijua kila kitu kilipitishwa kwenye moto kwanza.

Halafu kuna ile ya Agosti 1982, mabinti waliona mto wa damu, watu wanauana, maiti zimetupwa bila wa kuzizika, wakalia mbele ya umati. Miaka 12 baadaye, Aprili 1994 kwenye mauaji ya kimbari, watu waliokimbilia kanisa la parokia hapohapo Kibeho waliuawa humohumo. Hata Marie Claire hakupona miaka ile ya mauaji. Mimi niliposimama kwenye kumbukumbu yao nilishindwa kusali kwa maneno. Kwangu maono ya kweli ni haya, yanamwita mtu atubu kabla hajaangamia, na aliyeyaona hapati gari wala umaarufu wowote wa maana.

Ndo maana wakala wetu aliniudhi. Jina simtaji, ila tangazo lake la wasapu lilisema "njoo uone ishara kwa macho yako", na kufika kule kiongozi wa msafara akawa anatuhimiza tukodolee jua ati linacheza. Kuna mama mtu mzima kwenye kundi letu alikaza macho mpaka machozi yanamtiririka, akabaki na huzuni siku nzima akidhani Mungu amemkataa kwa vile hajaona kitu. Hilo silisamehi kirahisi, huwezi kumuuzia mtu maono kama sehemu ya nauli. Maono Mungu humpa amtakaye, wakati autakao, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 67 inasema wazi kwamba mafunuo ya binafsi hayaji kukamilisha ufunuo wa Kristo, yanasaidia tu kuuishi vizuri zaidi. Pia alituahidi mkalimani wa Kiswahili na hakuwepo, ikabidi dada mmoja kutoka Bukavu atutafsirie kwa hisani yake, Mungu ambariki sana.

Shemeji yangu mlokole alinibana niliporudi, kwamba Biblia ikishakamilika maono ya nini tena. Nikamwambia Petro siku ya Pentekoste alimnukuu Yoeli kwamba vijana wataona maono na wazee wataota ndoto, na sioni mahali alipoweka tarehe ya mwisho. Ila na Paulo kawaambia Wathesalonike msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Yote mawili uyashike. Hawa manabii wa mjini wanaoona maono kila Jumapili na kuwaona wao mpaka utoe sadaka maalum, nani amewajaribu?

Mambo ya safari sasa. Sisi tulipitia mpaka wa Rusumo, ni mbali na basi linachosha, kutoka mji wa Huye (ndio Butare ya zamani) kwenda Kibeho siku hizi ni lami. Rwanda wako nyuma yetu Tanzania saa moja kwahiyo angalia usichanganye mda wa misa. Kuna baridi milimani kule, beba sweta zito, na kidumu kwa ajili ya maji ya chemchemi. Tarehe 15 Agosti na 28 Novemba watu ni wengi mno, kama unataka kusali kwa utulivu chagua wiki nyingine. Jifunze Rozari ya Mateso Saba ya Mama Maria kabla hujaondoka maana ndo sala ya pale.

Kibeho naipa nyota 5, wakala nyota 1 na hiyo ni ya dereva ambaye aliendesha kwa adabu. Ongeeni na paroko wenu mwende kama jumuiya au WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), na yeyote atakayewaahidi kwamba mtaona kitu, msimpe hela.