Saiba ya Ghorofa ya Kwanza, Kawangware: Kazi Safi, Daftari la Kutisha

Aliyesema kwamba bando za simu zingefunga saiba zote za Nairobi hajapita Kawangware wiki ya mwisho ya Juni. Saiba ninayoizungumzia, ambayo sitaitaja kwa jina kwa kuwa nina lalamiko zito juu yake, iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mitungi ya gesi, mwendo wa dakika mbili hivi kutoka steji ya matatu za namba 46. Ina kompyuta saba, printa mbili na benchi moja la kusubiria, na kwenye kibodi iliyo karibu na dirisha herufi E imefutika kabisa, hivi kwamba wateja wa siku nyingi wanaijua kwa kidole tu.

Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipofika Mombasa mwaka 2009, biashara ya saiba ilikuwa kuuza dakika: mtu alilipa, akasoma baruapepe zake, akaondoka. Leo karibu kila anayepanda ngazi hizi ana simu anayotumia kutuma pesa kwa M-Pesa, kutazama video na kubishana na jamaa zake katika kundi la WhatsApp. Kinachomleta hapa ni yale yasiyokubali kwenye kioo kidogo, hasa fomu za serikali. Tangu eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ianze mwaka 2014, maombi ya pasipoti, leseni ya udereva na vyeti vingi yamehamia mtandaoni, na wahudumu wawili wa saiba hii wanazijua kurasa hizo kama makanga anavyozijua steji zake. Kwa maoni yangu, hicho ndicho wanachouza, na wanakiuza vizuri.

Niliona ustadi huo siku kijana mmoja alipoingia amebeba karatasi zake za cheti cha polisi cha maadili mema, alichokuwa akikitafuta ili apate kazi ya ulinzi. Alikuwa amejaza kila kitu kwa simu na kulipa shilingi 1,050, lakini alikokwenda kuchukuliwa alama za vidole akarudishwa bila kuelezwa vizuri kosa lake. Mhudumu alizitazama karatasi hizo mara moja tu. Fomu ya C24, ile ya alama za vidole, ilikuwa imechapishwa katika karatasi mbili, ilhali inatakiwa iwe karatasi moja, mbele na nyuma. Akaichapisha upya, akaigeuza kwa mkono kwa sababu printa yenyewe haigeuzi, akatoza shilingi 20. Kijana alikuwa amepoteza siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi kwa jambo ambalo hapa lilimalizwa kabla sijapata nafasi ya kuketi.

Mimi nilikuwa nimemsindikiza mama mdogo, aliyeacha kazi ya kushona na ambaye kwa sasa hana mapato, lakini bado ana PIN ya ushuru na kwa hiyo anapaswa kuwasilisha marejesho ya sufuri, yaani taarifa ya kodi ya asiye na mapato, kabla ya Juni 30 kwisha, la sivyo atozwe faini ya shilingi 2,000. Kazi yenyewe haikufika dakika kumi na tulilipa shilingi 200. Bwana aliyetufuata aliombwa 300 kwa kazi ile ile. Bei za kuchapisha, kutoa kopi na kutumia kompyuta (shilingi moja kwa dakika) zimebandikwa ukutani, lakini ukiulizia marejesho unajibiwa kwamba inategemea. Inategemea nini, sikuambiwa. Nadhani ni viatu vya mteja.

Hilo ningelisamehe. Lililonishtua lilitokea mhudumu alipofika kwenye ukurasa wa kuingilia. Mama mdogo hakukumbuka nenosiri lake, wala hakuhangaika.

“Si uliandika kwa kitabu chako?” akamuuliza.

“Ni kweli, Mama. Ngoja nikuangalizie.”

Akavuta daftari la shule la kurasa 200, lenye jalada lililochakaa, kutoka kando ya printa, mahali ambapo yeyote anayesubiri kopi angeweza kulifungua. Ndani mlikuwa na majina, namba za vitambulisho, PIN na maneno ya siri ya watu wa mtaa mzima, kila mtu na mstari wake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, inayomtaka anayeshika taarifa za watu azihifadhi kwa usalama, na sidhani kando ya printa ni mahali pa usalama.

Nilipomuuliza mhudumu, hakukasirika. Alieleza kwamba wateja wengi hurudi mara moja kwa mwaka wakiwa wamesahau, na kwamba nenosiri jipya hutumwa kwenye baruapepe ambayo mara nyingi ni yeye aliyeifungua kwa niaba yao na ambayo wao hawajawahi kuisoma. “Nikilitupa hili, hapa kutakuwa na kilio,” akasema. Ninamwelewa, maana daftari lilianza kama wema, lakini mwizi akilipata hataulizia nia. Tulibadilisha maneno ya siri ya mama mdogo, la ushuru na la baruapepe pia, kwa kuwa la pili lilikuwa limeandikwa mstari huo huo. Akayaandika mwenyewe, nasi tukaomba mstari wake ukatwe kwa kalamu mbele yetu.

Mengine ni ya kawaida. Mtandao una kasi ya kutosha, na stima zikipotea kuna betri inayobeba ruta na kompyuta moja tu, kwa hiyo usitegemee kuchapisha chochote. Choo hakuna. Jioni wanafunzi hujaa na foleni ya printa hufika kwenye ngazi; afadhali ufike kabla ya saa nne asubuhi. Ulizia bei kabla ya kuketi, njoo na nenosiri lako kichwani, uliandike kwenye kompyuta kwa mkono wako mwenyewe, na usiinuke kabla ya kuhakikisha umetoka kwenye akaunti. Ukiwa na fomu ya C24, mwombe yule mhudumu wa printa ya kushoto.