Catalina 22: kagua mkuku kwanza, matanga baadaye

Anayetafuta mashua ya tanga ya kuvuta kwa gari huko Marekani, kwa matembezi ya siku mbili tatu ziwani au katika ghuba kama Chesapeake, hakawii kukutana na Catalina 22. Ilisanifiwa na Frank Butler, mwanzilishi wa kampuni ya Catalina, na zimeundwa zaidi ya 15,000. Kwa hiyo zilizotumika ni nyingi, na vipuri bado vinauzwa, hadi pini ya mkuku, ule uti mzito wa chini ya mashua. Kwa mnunuzi wa chombo kikuukuu, hilo ni kubwa kuliko mwendo.

Urefu wake ni mita 6.5 na upana mita 2.3, hivyo hupita barabarani bila kibali maalumu. Uzito ni kama tani moja, na kati ya hizo kilo 250 ni mkuku wa chuma wenyewe, ambao ndio farumi, yaani uzito wa kuituliza mashua isipinduke. Mkuku ukiwa chini mashua inahitaji kina cha mita 1.5, ukiinuliwa, sentimita 60 zinatosha. Lipo pia toleo la mkuku usiosogea. Hilo halina usumbufu na linafaa zaidi kwa mashua inayokaa majini msimu mzima, ila kulishusha kutoka kwenye trela kunataka maji ya kina. Kama kweli utavuta kila wikendi, chukua wa kuinuliwa, lakini usilipe kabla hujalala chini ya mashua ukautazama.

Mkuku huo huning'inia kwenye pini moja. Miaka ikipita, pini hulika na tundu lake hupanuka likawa yai. Mashua ikiwa imeinuliwa, shika ncha ya mkuku uitikise kulia na kushoto: ukisikia kugonga, panga bei kwa kuhesabu pini mpya na kazi ya kuziba tundu na kulitoboa upya. Kisha kagua waya wa winchi, unaoinua na kushusha mkuku. Nyuzi zikianza kufumuka au kutu ikionekana karibu na kiungo, badilisha wote. Waya ukikatika, kilo 250 huanguka kwa kishindo na zinaweza kupasua tumbo la mashua. Pale waya unapopenya kuingia ndani pana bomba la mpira lililobanwa kwa klipu, nalo liko chini ya usawa wa maji. Mpira uliokauka umekwisha kuzamisha mashua zilizofungwa gatini zikiwa hazina mtu. Mlio wa waya ukivuma mashua inapokwenda kasi hauna madhara.

Safarini, mkuku ulale juu ya ubao wa trela na waya ulegezwe. Usiuache uning'inie kwa waya barabara nzima.

Gari liwe na uwezo wa kuvuta kilo 2,000, maana trela, mashine, maji na mizigo vinapandisha uzito haraka. Ukifika, acha beringi za magurudumu zipoe kabla ya kuingiza trela majini. Zikiwa moto hufyonza maji, grisi huharibika, na gurudumu hukwama njiani kurudi.

Kusimamisha mlingoti wa mita 7.6 kunataka watu wawili. Tazama kwanza nyaya za umeme juu yenu, kabla ya kugusa chochote. Kati ya nyaya zinazoushikilia mlingoti, funga waya wa tezi (nyuma ya mashua), zile mbili ndefu za ubavuni na fupi za nyuma. Fupi za mbele na waya wa omo (mbele ya mashua) zisubiri mlingoti usimame. Anayebaki chini aangalie skrubu za kukazia nyaya, kwani zikilala vibaya hupindika na baadaye kukatika upepo ukivuma.

Majini ni mashua tulivu yenye nafasi nzuri ya kukaa nje. Ndani hutoshi kusimama, na ingawa husemwa hulaza watu watano, tungeipa watu wazima wawili na watoto wawili wadogo. Upepo ukifika noti 15 (kama kilomita 28 kwa saa), punguza tanga kubwa. Ukichelewa, usukani huwa mzito na mashua hulazimisha kugeukia upepo. Mashine ya nguvu farasi 5 au 6 yenye shafti ndefu inatosha. Shafti fupi huchomoka majini kila wimbi linapoinua tezi.

Asiye na gari la nguvu atazame West Wight Potter 19, yenye kilo 560 hivi bila trela, akubali ndani kubana zaidi.