Viroba sita vya "mboji tupu"

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiotesha nyanya, mrehani na pilipili mbuzi kwenye vyungu na ndoo kuukuu barazani kwangu Kigamboni, bila mbolea ya viwandani wala sumu ya dukani, na katika miaka yote hiyo udongo umewahi kunisumbua lakini haujawahi kunitia hasira. Hasira zilinijia mwanzoni mwa masika, baada ya kununua viroba sita kwa muuza miche mmoja wa kando ya barabara, shilingi 7,000 kila kimoja, huku nikiapiwa kwamba ndani yake mna mboji tupu na samadi iliyokwisha kuoza.

Sikununua kwa uvivu. Uani kwangu ni kichanga cha pwani, maji hupita humo kama kwenye chujio, na kichanga hicho kikiwekwa peke yake kwenye chungu hukauka kabla ya adhuhuri. Kwa kawaida huchanganya madebe mawili ya kichanga, madebe mawili ya mboji ninayoitengeneza kwa maganda ya jikoni, na debe moja la makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, kulowekwa na kusuuzwa ili chumvi yake iondoke. Safari hii vyungu viliongezeka, mboji yangu haikutosha, na kijana yule alikuwa na maneno matamu.

Nilipofungua kiroba cha kwanza, macho yaliniwasha. Mboji iliyoiva hunukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza, ilhali hii ilinuka kama banda la kuku lililofungwa wiki nzima. Nakiri kwamba ningepaswa kukomea hapo. Lakini fedha ilikuwa imeshatoka mfukoni, miche ilikuwa inasubiri, nami nikajiambia kwamba harufu itapungua. Nilijaza vyungu vitano kwa udongo huo, nikaacha viwili na mchanganyiko wangu wa zamani, na kimoja nikakitia udongo mwekundu ambao shemeji yangu alinibebea kutoka Lushoto.

Haikupita wiki mbili kabla kingo za majani hazijageuka kahawia na kukunjamana kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Mrehani ulitangulia, pilipili zikafuata. Vyungu vya mchanganyiko wa zamani, vilivyokuwa pembeni yake, vikipata maji yaleyale na kivuli kilekile, vilikuwa vinachanua bila habari. Hata ule udongo wa Lushoto, ambao ukikauka hukaza juu kama tofali na maji hutuama kabla ya kuzama, haukuua hata mche mmoja. Niling'oa mrehani mmoja nikakuta mizizi imekuwa rangi ya chai, haina hata unywele mweupe, na kando yake vipande vya maranda vikiwa vizima kabisa pamoja na nyoya la kuku.

Mama mkwe wangu, ambaye ni Msukuma na kwao kila udongo una jina lake, alikuwa amekuja kututembelea. Alichukua ukonzi mmoja, akausugua kati ya vidole, akaunusa, akasema kwa upole, "Baba, hii ni luseni iliyochanganywa na mavi ya kuku." Luseni kwao ni udongo wa kichanga, tofauti na mbuga, ule mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Ili nisimhukumu mtu kwa neno la mama mkwe peke yake, nilitia udongo ule kwenye chupa ya kioo, nikajaza maji, nikatikisa na kuiweka mezani. Mchanga ulizama papo hapo, maranda yakaelea, na maji ya katikati hayakuchafuka sana, kwa sababu mfinyanzi haukuwamo ila kidogo mno. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimelipa shilingi 42,000 kununua mchanga ninaoukanyaga bure uani kwangu, ukiwa umetiwa samadi mbichi. Samadi ya kuku isiyooza hutoa amonia nyingi na ina chumvi zinazounguza mizizi. Shambani mvua huzitawanya, lakini ndani ya chungu hazina pa kwenda.

Nilirudi pale nikiwa na mche uliokufa, nimeufunga kwenye gazeti. Kijana alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachezea simu. Nilimsalimu, nikamweleza taratibu, na sikudai fedha yangu. Hakunyanyua kichwa. Alisema, "Mzee, wewe ulinunua udongo, hukununua mavuno." Wenzake wawili walicheka. Nilipomwomba aunuse udongo wake mwenyewe, alijibu kwamba udongo wote unanuka, niende nikamwagilie tu. Neno "pole" lingenitosha kabisa, nami ningerudi nyumbani nikiwa mteja wake. Badala yake nilitembea hadi kituoni nikiwa nimeshika mche mfu kama mtu anayetoka mazikoni, na sentensi ile haijanitoka kichwani mpaka leo.

Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa tayari: huduma sifuri, bidhaa sifuri, msikanyage pale.

Tatizo ni kwamba mambo hayakuishia hapo. Kwa ghadhabu nilikuwa nimekinywesha chungu kimoja cha nyanya maji mengi, yakatoka chini, nikarudia mara nne au tano, na baada ya siku chache mnyanya ule ukatoa majani mapya, maana chumvi ilikuwa imesombwa na maji. Yaani ushauri wake wa kejeli ulikuwa na ukweli nusu, jambo linalonikera kuliko kama angekuwa amekosea kabisa. Viroba vilivyobaki nilivimwaga nyuma ya nyumba pamoja na majani makavu na maganda ya ndizi, nikavilowesha na kuvifunika kwa turubai, nikawa ninavipindua kila baada ya siku kadhaa. Siku za mwanzo lundo lilipata joto kiasi kwamba mkono haukukaa ndani yake. Baada ya miezi kama miwili lilikuwa limepoa, ni jeusi, na linanukia mvua. Pilipili mbuzi niliyoipanda humo ndiyo iliyozaa kuliko zote nilizowahi kupanda, na majirani wanakuja na vibakuli.

Hapo ndipo hasira zangu zinapozidi. Bidhaa yake si mbaya! Alichotakiwa kusema ni "kaiozeshe kwanza miezi miwili", maneno manne tu, na mrehani wangu ungekuwa hai.

Juzi nilipita pale tena. Hakunikumbuka. Nilinunua viroba viwili, bei imepanda hadi shilingi 8,000, na alipokuwa anavipakia kwenye bajaji nilimwuliza kama vimeiva. "Mboji tupu, mzee wangu," alisema. Viko nyuma ya nyumba, chini ya turubai.