Kompyuta mpakato kubwa kwa kazi za kila siku na za ubunifu: ya kuchukua na ya kuacha

Ukitoka kwenye kioo cha inchi 14 cha umbo la 16:9 kwenda inchi 16 cha 16:10, unapata eneo la kufanyia kazi zaidi kwa theluthi moja na ushee. Kwa anayehariri video, hapo ndipo mistari ya sauti na picha inapoacha kubanana. Ila ukubwa wa kioo na nguvu ya mashine ni vitu viwili tofauti. Kariakoo au Moi Avenue utaonyeshwa mashine mpya za inchi 15.6 ambazo ndani hazina tofauti na ile ndogo unayotaka kuiacha: prosesa ya wati 15, RAM ya GB 8, feni moja.

Kwa hiyo kabla ya bei, soma herufi ya mwisho ya jina la prosesa ya Intel. U ni ya kubana umeme, H ni ya kazi nzito. Kibandiko cha i7 kisikuzubaishe: i7-1255U ina koa (core, yaani viini vya kufanyia kazi) kubwa 2 tu, wakati i5-12500H inazo 4, na kwenye kutoa (export) video ya dakika ishirini utaiona tofauti hiyo kwa saa ya ukutani.

RAM ya GB 16 inatosha kwa picha, mabango na video za kawaida. Video ya 4K yenye maandishi yanayotembea na tabaka nyingi inataka GB 32. Diski isiwe chini ya GB 512, maana saa moja ya 4K iliyorekodiwa na iPhone kwa fremu 60 hula takriban GB 24, na hapo bado hujatoa nakala ya mteja.

Orodha hii ni ya mashine zilizotumika, isipokuwa pale tunaposema vinginevyo. Kwa pesa ileile, mashine ya kitaalamu ya 2021 iliyotunzwa inaishinda mpya ya bei nafuu karibu kila mahali ila kwenye betri.

1. MacBook Pro ya inchi 16, M1 Pro (2021)

Imekaa juu kwa sababu moja kubwa: umeme ukikatika, kasi yake haishuki. Kompyuta nyingi za Windows zenye kadi kubwa ya grafiki hupunguza nguvu mara tu chaja inapotoka. Hii inaendelea vilevile, na betri yake ni ya Wh (wati-saa) 100. Ina HDMI na tundu la kadi ya kamera, uzito kilo 2.1.

Kasoro zake zijue mapema. RAM na diski vimeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, hivyo ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho; chukua GB 16 ukiwa na uhakika, au tafuta ya GB 32. Usibandike kifuniko cha kamera, kwa kuwa ukifunga kioo kinaweza kupasuka, na kioo cha mashine hii ni ghali mno. Wanaotumia Revit au 3ds Max waipite, programu hizo hazina toleo la Mac.

Mtego mkubwa ni mashine za makampuni ambazo bado zimesajiliwa kwa mwajiri wa zamani. Kufuli la usajili huo hujitokeza hasa pale mashine inapowekwa upya ikiwa kwenye intaneti, ndiyo maana wauzaji wengine huiandaa bila mtandao. Mwambie muuzaji aifute mbele yako, iunganishe na Wi-Fi ya simu yako, uanze kuiweka wewe mwenyewe hadi mwisho. Akikataa, ondoka.

Toleo la 2019 lenye Intel linafanana nayo kwa mbali na bei yake hushawishi. Liache. Linachemka, na Apple imeshafunga mlango wa matoleo mapya ya mfumo kwa prosesa hizo.

2. Dell Precision 5560 au ThinkPad P1 Gen 4

Hizi ndizo za mtu anayetaka fundi aweze kuzifungua. Zote mbili ni za 2021, zina nafasi mbili za RAM ya DDR4 hadi GB 64, na diski inabadilishwa. Nunua vipande viwili vya GB 16 vinavyolingana. Kipande kimoja cha GB 32 kinafanya kazi kwenye njia moja tu na kasi inapungua. P1 ina HDMI na USB za kawaida. Dell ina USB-C na tundu la kadi pekee, hivyo weka bajeti ya adapta.

Usishuke hadi Precision 5550 ya 2020 ikiwa unarekodi kwa kamera kama Sony A7 IV katika H.265 (mfumo wa kubana video) ya biti 10, 4:2:2. Prosesa za kizazi cha 10 za mashine hiyo hazina kifaa cha kufungua video za aina hiyo, nazo kadi za grafiki za RTX za mfululizo wa 30 na 40 hazina pia. Video itakuwa inakatakata hata ukiweka GB 64. Kizazi cha 11 kinacho.

Dell hii inataka chaja ya wati 130. Ukipewa ya wati 65, itawaka vizuri tu dukani, halafu nyumbani prosesa inajipunguza kasi na utadhani imeharibika.

3. Za magemu: Lenovo Legion 5 yenye RTX 3060

Kwa Blender na kazi za 3D hii inazipita mbili za juu kwa bei yake. Kadi yake ya grafiki ina kumbukumbu ya GB 6 na upoozaji wake ni wa kweli. Lakini ina kilo 2.4 bila chaja yenye uzito wa tofali, na betri si ya kutegemea. Uliza rangi za kioo: baadhi zina 100% ya sRGB, nyingine 45% ya NTSC (vyote ni vipimo vya wingi wa rangi), na kwenye hizi za pili ngozi za watu huonekana kama zimepauka. Kuhariri picha za harusi kwenye kioo hicho ni kujitafutia ugomvi.

4. MacBook Air ya inchi 15

Kilo 1.5, haina feni, kimya kabisa. Ni nzuri kwa kuandika, Canva, picha na video fupi. Kazi nzito ikizidi dakika kadhaa inapata joto na kupunguza mwendo. Yenye prosesa ya Apple M4 huanzia RAM ya GB 16. Ya M2 yenye GB 8 na diski ya GB 256 iache hata ikipunguzwa bei.

Ukiwa dukani na mashine ya Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Linganisha uwezo wa betri wa kiwandani na wa leo. Ikiwa chini ya asilimia 70, toa gharama ya betri mpya kwenye bei. Ilaze mezani: kama padi ya kugusia imeinuka au mfuniko wa chini haukai sawa, betri imevimba, usiiwashe tena. Kama haijavimba, endesha Cinebench (programu ya kupima nguvu ya prosesa) kwa dakika 10 ikiwa kwenye chaja yake yenyewe. Ikizima ghafla ndani ya muda huo, tatizo mara nyingi ni feni, pesti ya kupoozea prosesa iliyokauka au bodi, na muuzaji ndiye alishughulikie kabla hujalipa.