Seti ya kujengea C60: hesabu sahihi, karatasi ya maelezo inapotosha

C60 ni molekuli ya atomi 60 za kaboni zilizoungana kuwa tufe. Ndani ya boksi mna atomi 60 za plastiki nyeusi zenye matundu matatu kila moja, na mirija 90 ya mpira: 60 ya kijivu kwa bondi moja, 30 myekundu kwa bondi maradufu. Idadi ni ile inayotakiwa, ila hakuna hata kimoja cha akiba. Mrija mmoja ukibingirika chini ya kabati, molekuli haifungi.

Anza na pembetano moja ya mirija ya kijivu. Kila kona yake itoe mrija mwekundu kwenda nje, kisha zungushia pembesita tano. Atomi zikifika 20 unapaswa kuwa na bakuli. Likilala bapa mezani, umeweka pembesita katikati. Ndani ya pembetano usitie wekundu kabisa. Kwenye pembesita, wekundu na kijivu vipokezane. Ukikosea, seti haitakuzuia: C60 ina namna 12,500 za kupanga bondi maradufu, na ni moja tu inayoziacha pembetano zote 12 bila wekundu. Hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na molekuli yenyewe.

Matundu ya atomi yametobolewa bapa, nyuzi 120 kila upande. Kwenye C60 pembe tatu za kila atomi ni 108, 120 na 120, jumla 348. Nyuzi 12 zinazopungua ndizo zinazoikunja molekuli iwe tufe. Hapa mrija hujipinda na kuficha mkazo huo.

Mirija yote ina urefu mmoja, na hili ni kosa zito zaidi. Bondi nyekundu ni nanomita 0.140, za kijivu 0.145. Kwa kipimo cha sentimita 2 kwa kila nanomita 0.1, kitovu hadi kitovu, zingekuwa sentimita 2.8 na 2.9, na tufe lingetoshana na balungi. Punguza wekundu milimita moja kwa wembe. Pembesita ya benzini, molekuli yenye pete moja ya kaboni sita, ina pande sawa; hizi hazina.

Ndiyo maana karatasi ya maelezo, inayosema C60 ni "benzini 20 zilizounganishwa", haifai kupewa mwanafunzi. Uthabiti wa benzini hutokana na elektroni za pi, zile zinazozunguka pete nzima, kujaza ngazi zao za nishati. Kwa tufe, kanuni ya Hirsch inayokadiria hilo ni 2(N+1)², N ikiwa namba nzima: elektroni 50 au 72 za pi hujaza ngazi kikamilifu. C60 ina 60, kwa hiyo 10 zinabaki kwenye ngazi yenye nafasi 22, ambayo haijajaa. Kabla ya kufunga pembetano ya mwisho, tia shanga ndani iwe heli-3, atomi ya heli inayotumiwa kupima mikondo ya elektroni ndani ya tufe. Ndani ya C60 ishara yake ya NMR (kipimo cha sumaku cha atomi) iko −6.3 ppm (sehemu kwa milioni) tu, kwa kuwa mikondo ya elektroni ya pembesita na ya pembetano karibu inafutana. C60 ikiongezwa elektroni sita, ishara hiyo inashuka hadi −48.7.

Ikishajengwa, iache hivyo. Ukiivunja kila kipindi, midomo ya mirija hulegea na tufe huanza kufumuka pale ulipofungia mwisho.